Orodha ya Wapiga Kelele

Juzi niliona orodha ya wapiga kelele kwenye daftari la mwanangu, nikakumbuka mchana mmoja darasani kwetu, katika shule ya Pasiansi, kando ya ziwa. Mwalimu alikuwa ametoka. Kiranja alisimama ubaoni na chaki, na aliyeandikwa jina alichapwa. Upepo wa ziwani ulileta harufu ya dagaa walioanikwa. Wenzangu wote waliinamia madaftari, mimi nikamwona nyoka mweusi akiteleza juu ya mguu wa Kabula, niliyekaa naye dawati moja. Sikutoa sauti mpaka nyoka alipopotelea kwenye mawe ya nje.

Mwalimu aliporudi nilimnong'oneza habari ya nyoka.

“Umefanya vizuri kunyamaza,” akasema darasa zima likisikia. “Kabula angeshtuka, angegongwa.”

Mpaka leo Kabula ananishukuru. Sijamwambia bado kwamba muda wote ule nilikuwa naitazama chaki.