Nyonga ya Tarishi

Watu walimwita Chapuchapu, na jina hilo hakulipata bure. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa tarishi wa ofisi ya wilaya, akipeleka barua vijiji kumi na viwili kwa baiskeli, na njia ilipokataa baiskeli, kwa miguu. Ukimwona kilimani, watoto walisema, ukigeuka kumwambia mwenzako, yeye keshafika mlangoni.

Mwaka wa pili baada ya kustaafu, nyonga ya kulia ikaanza kumkera. Akaichua kwa mafuta, akasema ni uzee tu unapiga hodi.

"Uzee gani wa upande mmoja?" mkewe akamuuliza. "Kwani mguu wa kushoto ulizaliwa lini?"

Alikuwa mwanamke wa umbo dogo, mwenye mdomo usiolala. Ndiye aliyemburura hadi hospitali ya mkoa, saa tano kwa basi. Picha zikaonyesha mfupa umesagika. Dawa ni moja, daktari akasema: itolewe nyonga aliyozaliwa nayo, iwekwe ya bandia. Lakini bingwa wa kazi hiyo alikuja mara mbili kwa mwaka, na kila akija aliwapasua watu sita.

Karani akamwandika daftarini, namba arobaini na moja.

"Nendeni nyumbani. Zamu ikifika tutapiga simu."

Wao simu hawakuwa nayo. Wakatoa namba ya mkwe wao, mume wa binti yao wa pekee.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Yeye ilimuumiza kila kiungo. Mwaka wa kwanza alitembelea fimbo, wa pili magongo mawili. Wa tatu akawa mtu wa kitandani. Mkewe akakata tundu kwenye kiti cha mbao, akaweka ndoo chini yake, na kila asubuhi akamnyanyua kumhamishia hapo.

"Shika shingo. Moja, mbili, haya! Ulivyokuwa mwepesi njiani, nani alijua una uzito huu?"

Walicheka wote wawili. Akishatoka na ndoo, mzee aligeukia ukuta na kulia.

Mwaka huo huo binti yao aliachana na mumewe, kwa maneno yasiyozoleka, akarudi kwa wazazi. Katika mtafaruku ule, nani angekumbuka namba ya simu?

Mwaka wa nne ulipokwisha bila habari, wakakodi gari wakaenda kuuliza. Karani akapekua daftari, kidole chake kikasimama kwenye mstari uliokatwa kwa wino mwekundu.

"Mzee, tulipiga mara tatu. Mara ya mwisho tukaambiwa tumekosea namba. Hapa nimeandika hakupatikana."

"Nisomee hiyo namba," mkewe akasema.

Akasomewa. Mdomo usiolala ukalala.

Karani hakuwa mtu mbaya. Alifuta miwani, akasema sheria ni sheria, akaliandika jina upya mwishoni mwa foleni, namba thelathini, safari hii kwa simu ya binti.

Kesho yake yule mama alikwenda kwa aliyekuwa mkwe wake. Kijana hakuinuka kitini.

"Walipiga, ndiyo. Walimtaka mtu wenu. Mimi si wenu tena."

"Kweli," akajibu, "si wetu." Akarudi nyumbani, akamweleza mumewe neno kwa neno. Mzee akaomba ageuzwe upande wa pili.

Ikapita miaka mingine miwili. Asubuhi moja, binti akiwa shambani, mkewe akainama kama kawaida. "Shika shingo. Moja, mbili..." Ya tatu haikuja. Akamwangukia kifuani, kichwa kikalala begani pake kama mtu aliyechoka kweli. Mzee akaita jina lake, akaita majirani, akajaribu kujivuta, mguu ukakataa. Alimkumbatia hivyo hivyo mpaka jirani aliyekuja kuazima jembe akasikia sauti iliyokwisha kukauka.

Siku ya mazishi walimpakia mzee kwenye toroli. Mvua ilikuwa imekula njia ya makaburini. Gurudumu likazama, na jeneza halikuweza kusubiri. Akabaki pale na toroli lake, akiwatazama watu migongo mpaka wakapotelea kwenye kona.

Miezi mitano baadaye simu ya binti ikalia. Zamu imefika.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alifurahi, wauguzi wakampigia makofi alipovuka wodi kwa magongo. Wiki ya nane akaweza kwenda chooni mwenyewe, akafunga mlango, akakaa humo muda mrefu hata binti akaingiwa na hofu.

Wiki ya kumi akasema, "Mwanangu, nipeleke kwa mama yako."

Walikwenda taratibu, wakipumzika mara tatu. Kaburi lilikuwa limemea majani. Mzee akainyoosha fimbo, akataka kuinama.

"Baba, daktari kasema usiiname! Itateguka."

Akasimama wima, mikono miwili juu ya fimbo.

"Basi ng'oa wewe," akasema. "Anza na yale ya kichwani."

Binti akapiga magoti, akang'oa. Mzee alikuwa akimwonyesha kwa ncha ya fimbo pale alipobakiza.