Mume Wangu Alinipeleka Hoteli kwa Ofa ya Mwanamke Mwingine

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana watu wa Kathiani wamejaa humu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tatu, fundi wa kushona nguo hapa Machakos mjini. Nimeishi na baba watoto wangu miaka kumi na moja na tuna wasichana wawili. Muda huo wote hajawahi kupeleka ntheo kwetu. Kwa wasio Wakamba, ntheo ni wale mbuzi watatu ambao mwanamume hupeleka kwa wazazi wa msichana, na bila hao, hata uzae kumi, kwa wazee wewe si mke wa mtu. Kila mwaka aliniambia mambo ni magumu. Niliamini kwa sababu huyu mtu ni mkono wa birika kweli kweli, ndizi hununua jioni zikishakuwa nyeusi.

Basi mwezi uliopita, Ijumaa, alifika nyumbani akichekacheka. "Mama Mwende, panga nguo. Nimepata ofa kwa hoteli kubwa, siku mbili, nusu bei. Lakini inaisha hii wikendi." Nilipeleka watoto kwa dada yangu mbio mbio kabla hajabadilisha mawazo.

Jamani, nilifurahi, sitadanganya. Kitanda kilikuwa kipana kuliko chumba changu cha kushonea. Nilivaa ile gauni nyeupe ya kuogea, nikaoga maji moto mara tatu kwa sababu hakuna mtoto aliyekuwa ananigongea mlango. Nilikula soseji mpaka nikaona aibu. Nilijiambia kumbe huyu mwanamume ananipenda, hajui tu kusema.

Jumamosi tukinywa chai ya asubuhi, meneja akaja na wahudumu wawili wakiimba, wamebeba keki. "Hongera kwa ntheo!" akasema yule mama meneja kwa furaha. Akaeleza kwamba ofa yao ni ya watu waliotoka kupeleka ntheo, ukiwatumia picha ya siku hiyo mnalipa nusu, na wao wanawatengenezea picha hiyo kwa fremu kama zawadi. Moyo wangu uliruka. Nilidhani ameenda kwa baba yangu kisiri, anataka kunishtua.

Nikapewa fremu. Ndani yake mume wangu ameshika kamba ya mbuzi, amesimama kando ya msichana aliyevaa kitenge, mdogo wa kuwa mwanafunzi wangu wa cherehani. Nyuma yao mama mkwe anapiga vigelegele. Mama mkwe huyo huyo ambaye mimi ndiye humpeleka kliniki ya presha.

Mhudumu mmoja aliangalia picha, akaniangalia mimi, akaacha kuimba. Mume wangu akaniinamia sikioni. "Usiniaibishe hapa. Yeye mimba inamsumbua, hawezi kutoka. Na hawa watu hawarudishi pesa. Ulitaka ipotee bure?"

Ndiyo, mmesoma vizuri. Nilikuwa wa kuzuia hasara. Kinyaa kilinishika, cha ile gauni, cha yale maji, cha chakula kilichokuwa bado mdomoni. Na hapa mnaweza kunitukana: watu wote walikuwa wanatutazama, kwa hivyo nilishika kisu nikakata keki, nikatabasamu, tukapigwa picha. Najichukia kwa hilo mpaka leo.

Tulipofika nyumbani nikamwambia nahama. Kabla sijapata chumba cha kupanga, kumbe akampigia baba yangu simu kwamba analeta ntheo Jumamosi hii. Nilipomuuliza alinijibu akichokora meno, "Si shida yako ilikuwa mbuzi? Nimepata watatu kwa jamaa wa Muthetheni, amenipunguzia."

Baba naye ni mzee, ana sukari, na ameniuliza habari ya mbuzi miaka kumi na moja. Sijaweza kumwambia kuhusu yule msichana. Jana alinipigia, sauti inatetemeka kwa raha. "Mwiitu wakwa, binti yangu, sasa nitakaa na wazee wenzangu bila aibu. Wajukuu wangu pia watakuja kuolewa vizuri." Ameshaalika majirani wote.

Jumamosi wazee wataniuliza mbele yake kama mbuzi wapokelewe. Nikisema ndiyo, nitakuwa mke halali wa mtu ambaye hata kumtazama akila siwezi, tena mke wa pili, nyuma ya msichana aliyenikuta. Nikisema hapana, nitamvunja baba mbele ya kijiji kizima, na sijui kama moyo wake utastahimili. Kina mama, kina baba, zimebaki siku tatu. Nikisimama pale, niwajibu nini?