Nilitafsiri neno moja la Profesa wa fizikia na kompyuta, kijiji kizima kikakataa kisima

Wakuu, salaam. Walio kazini poleni, walio mapumzikoni tusogeze viti.

Kazi yangu ni kubuni hadithi, kwa hiyo najua kuna watakaosema hii nayo nimeibuni. Hapana. Nilichobadilisha ni majina ya watu, na kijiji sitakitaja. Mengine yote nilikuwepo, na kosa lilikuwa langu.

Tuko vijana sita, waandishi. Kila Jumamosi asubuhi tunakutana kwenye mgahawa mmoja hapa Majengo, jirani na wauza uwele na mahindi, tunasomeana tulichoandika wiki hiyo. Wapakiaji wa magunia walishatuzoea. Wakipita wanatutania, "Wasomi wa chupa moja ya chai, watu sita."

Siku moja nimemaliza kusoma ukurasa wangu, mzee wa meza ya pili akageuka. Suruali yake ilikuwa na vumbi jekundu mpaka magotini. Nikadhani ni mkulima.

"Kijana, sentensi yako ya mwisho ina maneno mengi kuliko watu waliomo ndani yake."

Wenzangu wakacheka mpaka wakamwaga chai. Mimi nikanuna. Yeye akavuta kiti akaniuliza kama ninaweza kumwandikia Kiswahili, maana, kwa maneno yake, yeye anazo namba tu.

Huyo ndiye Prof.

Niwaeleze kidogo, wakuu, mumwelewe.

Prof ni mtu wa Kondoa, kijiji kisicho mbali na Kolo. Alianza kama mwalimu wa fizikia sekondari, kisha akaenda kusoma zaidi mpaka PhD. Kazi yake ilikuwa kutafuta maji bila kuchimba. Unachimbia vyuma vinne ardhini, unavifunga nyaya, unapitisha umeme mdogo wa betri ya gari, halafu unapima ardhi inauzuia umeme kiasi gani. Mwamba mkavu unagoma. Tabaka lenye maji linaupitisha.

Shida ni kwamba ardhi haisemi wazi. Vipimo vilevile vinaweza kutoka kwenye ardhi za aina nyingi tofauti. Kuzikokotoa kwa mkono ni kazi ya kuzeeka nayo. Akiwa tayari mtu mzima mwenye watoto, akaenda kukaa darasani na vijana kujifunza kompyuta, akaandika programu yake mwenyewe. Programu hiyo inabuni ardhi maelfu kwa maelfu, inazipima zote, inabakiza zile tu zinazofanana na vipimo vya kweli.

Aliniambia hivi: "Wewe unabuni watu, mimi nabuni ardhi. Ila mimi nyingi nazitupa."

Chuoni kazi hiyo ilimchelewesha miaka. Alipoomba kupandishwa cheo, watu wa fizikia walisema maandiko yake ni ya kompyuta. Watu wa kompyuta wakasema huyu ni mchimbia vyuma. Alikuwa na ofisi mbili, na kwenye zote mbili kiti chake kilikuwa cha wageni. Uprofesa aliupata mvi zikiwa zimeshajaa. Sasa alikuwa na miezi michache tu astaafu, na kwa mara ya kwanza programu yake ilikuwa inakwenda kuchagua kisima cha kweli, kwa ajili ya watu wa kweli.

Kijiji chenyewe kiko wilaya ya Chamwino, unaipita Buigiri, unaiacha lami. Kilishachimbiwa visima viwili, vyote vikavu. Kina mama wanafukua mchanga korongoni na kusubiri maji yajikusanye kikombe kwa kikombe. Nimekaa pale asubuhi nzima nikiangalia. Mama mmoja alijaza ndoo moja kwa muda ambao mimi naandika ukurasa.

Mtambo wa kuchimba ulikuwa umepatikana, kwa shimo moja tu. Mkutano wa kijiji ulitakiwa kupitisha mahali pa kuchimba na kina chake, na muhtasari ufike wilayani kabla ya Ijumaa. Ikishindikana, mtambo unakwenda kata nyingine.

Kazi yangu ilikuwa kuiweka ripoti ya Prof katika Kiswahili na kuisoma mbele ya watu.

Wakuu, niliipenda ile kazi. Niliipiga msasa kama shairi. Mwisho wa ripoti kulikuwa na lile neno la wanafizikia, error, lile wanaloliweka pembeni ya kila kipimo kuonyesha ukweli unaweza kuwa juu au chini kwa kiasi gani. Nikatafuta neno zuri. Nikaandika: "Maji yanatarajiwa mita themanini na mbili, kwa kasoro ya mita kumi na tatu."

Masikioni mwangu ilikuwa tamu.

Jumamosi tukaingia kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Prof akasalimia kwa lugha ya wenyeji, "Mbukwenyi!", ila kwa lafudhi ya Kondoa, wakacheka na kuitikia kwa furaha. Hali nzuri. Nikasoma. Nikafika kwenye sentensi yangu tamu.

Mzee Yona, aliyekaa dirishani, akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu. Umesema hicho kipimo kina kasoro?"

"Ndiyo mzee. Ya mita kumi na tatu."

"Kumi na tatu!" Akageukia wenzake. "Jamani, vile viwili vikavu vilichimbwa na watu waliotuapia kwamba hawana kasoro hata moja. Huyu anatuletea kumi na tatu, na amezihesabu kabisa!"

Darasa likalipuka kwa vicheko. Sauti nyingine ikatoka nyuma: "Kipelekeni kwa fundi kwanza, kikipona mrudi!"

Nilijaribu kueleza. Nilivyozidi kueleza ndivyo kasoro zilivyoongezeka. Mkutano ukaamua mtambo uchimbe karibu na ofisi ya kijiji, hatua chache tu kutoka kwenye kimojawapo cha vile visima vikavu. Mwenyekiti, kwa heshima ya mvi za Prof, akasema atasubiri mpaka Alhamisi kabla ya kufunga muhtasari, kama wageni watakuwa na neno jingine.

Njiani kurudi mjini Prof hakunilaumu. Ningependelea anilaumu.

Jumatatu nilimpelekea ripoti mpya ofisini. Nilikuwa nimefuta zile kumi na tatu zote. Imebaki mita themanini na mbili, nukta. Nikamwambia, "Prof, watu hawa wanataka jibu moja. Wape moja, wakubali, wapate maji. Hizo nyingine tutazijua sisi."

Aliisoma polepole, kisha akanirudishia.

"Hii ni riwaya," akasema.

"Lakini Prof, watakataa tena."

"Wakikataa ukweli, nitahuzunika. Wakikubali hii, nitakuwa nimewadanganya watu wanaofukua mchanga. Miaka yote hii, kijana, kitu pekee nilichotengeneza ni hizo kumi na tatu. Mtu yeyote anaweza kutaja kina. Mimi nilijifunza kusema sijui kwa kiasi gani."

Nilikaa nikitazama hesabu kwenye ubao wake. Sikuelewa hata mstari mmoja, lakini nilielewa kwamba nilikuwa nimefuta maisha ya mtu kwa kitufe kimoja.

Alhamisi tukarudi. Safari hii Prof alisema asome yeye, ila hakusoma. Alimwita mama mmoja wa mbele, mkulima wa karanga, nitamwita Mama Neema.

"Mama, mvua za kwanza hapa zinaanza lini?"

"Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, baba. Zikiwahi, katikati ya mwezi. Zikichelewa, hata Krismasi inakaribia."

"Kwa hiyo hujui?"

"Nisijue nini wewe!" Mama Neema akawaka, watu wakacheka. "Nimelima hapa tangu sijaolewa. Mvua ndiyo inajipangia, mimi naijua mipaka yake."

Prof akageukia darasa zima.

"Basi na mimi maji ya chini nayajua hivyohivyo. Nayasubiri mita themanini na mbili. Yakiwahi, sitini na tisa. Yakichelewa, tisini na tano. Yakipita hapo hayajaja, mimi ndiye niliyekosea, na mtaniambia hivyo mbele ya kila mtu."

Mzee Yona akajikuna kidevu, akauliza, "Sasa kwa nini yule kijana hakusema hivyo?"

Wakuu, nilitazama viatu vyangu.

Wakapitisha mahali alipopachagua Prof. Mtendaji wa kijiji akaandika kwenye muhtasari kama ilivyosemwa, na yakiwahi na yakichelewa humohumo.

Mtambo ukaja wiki iliyofuata. (Mtakaodai "weka picha", simu yangu ilizima kabla ya saa tano.) Kijiji kizima kilikuwa pale, upepo unatupulizia vumbi la mwamba usoni. Mita sitini na tisa, vumbi. Themanini na mbili, vumbi. Mkuu wa mtambo akazima injini, akavua kofia.

"Mzee, ulisema themanini na mbili. Hapa pakavu. Tufungashe."

Prof alikuwa amekaa juu ya boksi la betri yake. Nilimwona akifungua mdomo, lakini Mama Neema alimtangulia.

"Tufungashe twende wapi? Yamechelewa tu. Washa!"

"Mama, mimi nina uzoefu wa—"

"Na mimi nina muhtasari. Mwenyekiti, msomee!"

Mwenyekiti akamsomea, kwa sauti ya mkutano, mpaka neno la mwisho. Tisini na tano. Jamaa akatikisa kichwa, akawasha.

Mita tisini na moja lile vumbi likageuka tope, tope likageuka maji, yakaruka yakatulowesha wote. Yana chumvi kidogo, sitawadanganya. Mzee Yona aliyaonja kwenye kiganja, akatema, akaonja tena. Prof hakuruka wala kushangilia. Alitoa daftari lake mfukoni, akaandika 91, likalowa mkononi mwake.

Nilichojifunza ni hiki. Kama angekubali ripoti yangu safi yenye jibu moja, mtambo ungezimwa mita tisa juu ya maji, kwa idhini ya kijiji kizima, na mimi ningekwenda kuandika riwaya ya huzuni kuhusu ukame. Siku hizi kabla sijafuta kitu kwa sababu kinaharibu sentensi, najiuliza kwanza ni cha nani.

Wataalamu wa fizikia na kompyuta mliomo humu, ninyi lile neno mnalisemaje kwa Kiswahili mbele ya watu? Na wengine, wewe neno gani limewahi kukuponza kazini? Nimekaa hapa, nasoma kila mtakachoandika. Mnaokuja kunicheka kuhusu kasoro, pangeni foleni nyuma ya Mzee Yona.