Dari Nililoziba Gerezani

Mwaka 1975, maji yalidondoka ndani ya chumba changu mtaa wa Gerezani wiki nzima. Nje jua linawaka, hata wingu hakuna.

Sitanii.

Nilikuwa seremala, karakana ya reli. Tulipanga chumba chini ya bati tupu, mchana kilikuwa tanuri. Binti yetu mchanga, Selina, akajaa vipele vya joto.

Nikatafuta mbao nyembamba za hadibodi, nikapigilia dari lifuate mteremko wa paa. Juu yake nikashindilia sufi ya magodoro mpaka ikagusa bati. Kila upenyo nikaziba.

Joto likapungua. Majirani wakaja kushangaa, nami nikavimba kichwa.

Juni akaja dada yangu mkubwa, Hyasinta, kutoka Masasi. Mjane, hana mtoto. Kila alfajiri alichemsha maji mlemle ndani, amwogeshe Selina.

Wiki ya pili tukaamka kitanda kimelowa. Matone yanatoka darini.

Nikapanda kukagua bati. Hakuna hata tundu la msumari.

"Baba Selina," mke wangu Severa akaninong'oneza, "haya yameanza alipokuja wifi."

Jirani yetu Kitwana naye akauliza, "Kwani mumewe alikufa na nini?"

Selina akaanza kukohoa. Hapo akili zikaniruka.

"Dada, rudi Masasi."

"Nimekosa nini?"

"Haya maji yanatoka wapi?"

Akatazama dari, akanitazama mimi.

"Sijui, mdogo wangu. Wewe ndiye fundi."

Akafunga kanga zake, akaondoka. Kituo cha basi sikumsindikiza.

Maji hayakukoma.

Mwishowe nikamwita Mzee Melkiori, fundi mkuu wetu. Akabandua ubao mmoja. Sufi ikaanguka pwaa, nyeusi kwa ukungu.

"Bati likipoa usiku, mvuke wa pumzi zenu na wa maji ya moto ukiligusa unageuka maji," akasema. "Ungeacha nafasi chini ya bati. Upenyo upenuni, mwingine juu kwenye kofia ya paa, hewa ipite. Nani kakufundisha kuziba?"



Nikatoboa, nikaacha nafasi. Matone yakaisha. Kikohozi cha Selina nacho kikaisha.

Nikapanda basi kwenda Masasi.

Nilimkuta Hyasinta kwenye kibanda kilicho mwisho kabisa wa kijiji, peke yake. Kisimani anateka maji wenzake wakishaondoka.

Waliomtenga hawakuanza wenyewe. Wiki ile nilipomfukuza nilimwandikia mjomba wetu wa huko barua, nikimtahadharisha juu yake. Ilisomwa kwa sauti mbele ya watu.

Nikakusanya wanakijiji, nikawaeleza habari ya mvuke. Walinisikiliza kwa adabu. Hakuna aliyeniamini.

Nikarudi kibandani.

"Shikamoo, dada."

Alikuwa anachambua mbaazi. Akaendelea kuchambua.

Nilienda kila mwaka, nikamwamkia. Alifariki mwaka 1981 bila kuniitikia marahaba hata moja.

Wewe unayesoma, maji yakidondoka kwako, bandua dari kwanza. Dari linapigiliwa upya. Jina la mtu, mimi nilishindwa.