Kisima cha Sadaka

Mwaka ule tulikula wali wa mabonde yetu asubuhi na jioni, muhogo tukausahau, maana dawa ya kuua magugu ilikuwa imefika Kiuyu. Mjukuu wangu, anayesoma kemia chuo kikuu, akaja na kompyuta. Kwa kutazama miteremko na mashamba, kompyuta ilikuwa imekisia visima vilivyoingiwa na sumu ya dawa ile, na changu kimo.

"Bibi, tukifunge."

Kisima kile nilikichimbisha kiwe sadaka ya marehemu mume wangu. Kila mtu anywapo, thawabu humfikia marehemu kaburini. Nikamwambia, "Sikubali, hata aje nani."

"Basi tukipime."

Nikachota mwenyewe, nikasoma Bismillahi. Akatia tone la dawa yake, ambayo hung'aa ikikutana na sumu ile, akamulika kwa tochi ya zambarau. Maji ya mvua, aliyoyatia dawa hiyohiyo ili kulinganisha, hayakubadilika. Yangu yaling'aa kijani kama macho ya paka. Shule sikusoma, ila macho ninayo.

Nikakifunika kisima kwa mbao, nikaketi juu yake. Jirani akaja na ndoo.

"Bi mkubwa, leo wamnyima mumeo thawabu?"

"Sikubali, hata aje nani."