Rosaria na Moto wa Kampuni

Kwanza mujue huyu Rosaria alikuwa mwanamuke wa namna gani, maana mwaka ule wa 1954 watu wa Kashikishi, kwenye pwani ya ziwa, walimusema sana, na wengi walisema uongo. Kazi yake ilikuwa kukausha samaki. Samaki aina ya makobo waliopita juu ya kichanja chake cha moshi walivuka ziwa mpaka Katanga bado wakinukia vizuri, na wanunuzi waliuliza jina lake kabla ya kuuliza bei. Alikuwa na ulimi mukali, kicheko kikubwa, mutoto mumoja wa mugongoni aliyeitwa Musonda, na bwana mumoja, Bwembya, ambaye alimupenda bila kuficha. Wenzake walimutania: "Wee, unapenda bwana sawa mutu anapenda chumvi!" Naye aliwajibu, "Njo vile. Ninyi kuleni bila chumvi."

Shida ilianza na kuni. Kampuni ya barafu ilijenga nyumba ya bati kando ya ziwa, na ndani yake ikaweka mashini kubwa ya mvuke ya kutengeneza barafu ya kufunikia samaki wanaopelekwa migodini. Tumbo la mashini ile lilikula kuni usiku na muchana, musitu ukaanza kurudi nyuma. Halafu, sijui nani alikunywa chai na nani, sheria ikatoka: marufuku mutu kukata kuni bila ruhusa, musitu unakwisha. Na ruhusa akapewa nani? Kampuni! Anayemaliza musitu ndiye aliyepewa kuulinda. Basi, mwenye nguvu mupishe.

Watu wangepika na nini? Kampuni, kwa huruma yake kubwa, ikaanza kuuza makala, makaa mekundu ya moto kutoka tumboni mwa mashini. Debe moja la makala, samaki wawili wanono. Kila asubuhi wanawake walipanga mustari na vigae na madebe yao. Rosaria alipiga hesabu kichwani: samaki wa makala, samaki wa chumvi, samaki wa kodi, kinachobaki ni mikia. Mukono mutupu haulambwi, kwa hiyo Bwembya akaenda kuomba kazi kule kule, akawekwa kulisha mashini. Na hivyo mioto yote ya Kashikishi, kutoka jiko la katekista mpaka kichanja cha mwisho pale mufereji unapoingia ziwani, ikawa watoto wa mama mumoja.

Moshi ule ulimuingia Bwembya kifuani. Kikohozi chake kilijulikana pwani yote: viwili vifupi, kimya kidogo, halafu kimoja kirefu, kama mutu anayevuta mutumbwi juu ya muchanga. Siku moja, jua likiwa utosini, alianguka mbele ya mulango wa moto akiwa na gogo mikononi. Rosaria alipofika mbio, gogo walikuwa wamekwisha kulitia motoni. Bwembya alikuwa bado chini.

Sasa sikieni desturi. Kwa watu wale, mutu akikufa, moto aliokuwa akiulisha kwa mukono wake unazimwa. Mujane anamwaga maji ya kwanza, majivu yanatupwa kwenye njia panda, na moto mupya unapekechwa kwa vijiti. Usipozimwa, marehemu anabaki humo, anadhani kazi haijaisha. Hata wanaosali kila Jumapili wanafanya hivyo. Padri hakuwahi kuuliza, nao hawakuwahi kumuambia. Rosaria alizima jiko la nyumbani kwake, lakini Bwembya hakuwa analisha jiko la nyumbani. Alikuwa analisha mashini.

Akaenda kwa muzungu wa kampuni, na kapitao Chalwe, musimamizi wa wafanyakazi, akawa mukalimani. Muzungu hakupiga kelele. Alivua kofia, akasema pole, akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaeleza kwamba moto ukizimwa, barafu inayeyuka, samaki wanaoza, na wenye migodi wanavunja kontra ya kununua samaki. Lakini kwa sababu ya huzuni yake, mama atapata debe la makala kila siku, bure, mwaka muzima.

"Uko na bahati," Chalwe akaongeza yake.

"Hiyo bahati ubebe weye," Rosaria akamuambia. Hakulia pale, kama vile hakulia kwenye matanga, na watu walikuwa wamekwisha kuanza kumusema kwa hilo.

Lakini makala aliyachukua. Mungefanya nini ninyi? Mutoto hali hasira. Jioni ile aliinjika chungu cha bukari, ule ugali wa kwao, akamulaza Musonda mukekani, akakaa. Ndipo jiko likakohoa. Viwili vifupi. Kimya kidogo. Kimoja kirefu.

Rosaria hakukimbia. Aliinua chungu, akatazama chini. Kipande cha kuni ya kuokota kilichokuwa pembeni kilijisogeza chenyewe taratibu, kikaingia katikati ya moto, kikatulia. Alirudisha chungu, akasonga bukari, akakula, na machozi hayakuja.

Kesho yake jirani yake Ennie akaja, kanga imefungwa ovyo, uso umekauka, akimuita kwa jina la mutoto wake. "Mayo, bana Musonda! Bwana yako iko mu jiko yangu."

"Hata kwangu iko."

"Na kwa katekista. Yeye anasema ni upepo, lakini muke yake na batoto banalala inje."

Siku ile wanawake kwenye mustari wa makala hawakutaniana. Kila mumoja alipokea debe lake akalibeba mbali na kifua.

Mahali pa Bwembya alikuwa amewekwa Goodson, mudogo wake wa tumbo moja. Kijana huyu zamani alimucheka kaka yake kwa ile kazi ya moshi. Kweli, kuni za uchagani zinacheka zile za motoni. Juma lilipokwisha akaja kwa Rosaria, shemeji yake, akakaa mulangoni, kofia mikononi.

"Mulamu, mimi sifanye kazi. Nafika asubuhi, majivu imekwisha kutoka. Nageuka kuchukua gogo, nikirudi gogo haiko na mulango ya moto imefungwa. Mimi sikuifunga."

"Na muzungu anasema nini?"

"Anafurahi. Anasema mashini haijatumika muzuri hivi tangu ilifika. Kuni kidogo, mvuke mingi. Mwenzangu wa zamu wamemufukuza, maana haiko kazi ya watu wawili."

Rosaria alisimama. Hasira ilimushika. "Kumbe banamutumikisha! Mutu amekufa na hajapewa hata ruhusa ya kupumuzika! Na mushahara anapata nani?"

"Hakuna anayepata, mulamu."

"Njo sababu anafurahi," Rosaria akasema. Akaingia ndani, akatoa chungu chake kikubwa cha maji.

Alingoja Jumapili, wakati wa misa, kwa sababu muzungu alikuwa ameenda Puta kwa mashua na Chalwe alikuwa kanisani akiimba sauti ya chini. Jua lilikuwa kali, ziwa jeupe, na pwani yote hapakuwa na mutu. Rosaria alichota maji, akajitwisha chungu, Musonda mugongoni, akapanda mpaka nyumba ya bati. Nyimbo za kanisa zilisikika kwa mbali. Ndani ya nyumba ile hazikusikika kabisa.

Goodson alimuona, akaelewa. "Ukizima, nafukuzwa," akasema. Rosaria akashusha chungu. Goodson alitazama ule mulango wa chuma, akatazama mikono yake mwenyewe, halafu akaenda kufungulia mvuke wote ili mashini isipasuke. Filimbi ikalia mpaka ndege wakaruka majini. Ikalia, ikafifia, ikanyamaza. Akafungua mulango wa moto, akasogea ukutani.

Rosaria akachungulia. Magogo yalikuwa yamepangwa mazito nyuma, mepesi mbele, na kijiti kimoja kimewekwa pembeni peke yake kwa ajili ya baadaye. Katika mashini hakuna aliyefundishwa kupanga hivyo. Hivyo ndivyo Bwembya alivyomupangia kuni jikoni, kila jioni, tangu wiki ile walipooana. Kwa muda kidogo alitamani kufunga mulango, aende nyumbani na debe lake la bure, amusikilize kila jioni mpaka azeeke.

Moto ukakohoa. Viwili vifupi, kimya, kimoja kirefu, na safari hii kile kirefu hakikuisha vizuri. Kilikatika katikati, kama mutu aliyechoka hata kukohoa.

"Bashi Musonda," Rosaria akamuita baba wa mutoto wake. "Kazi imeisha. Toka."

Akamwaga maji. Majivu na joto vilimurukia usoni, mutoto akapiga kelele, Goodson akamuvuta nyuma. Chungu kimoja hakitoshi tumbo kama lile. Rosaria alipogeuka kurudi ziwani, akamukuta Ennie mulangoni na debe lililojaa maji, na nyuma yake wanawake wengine, na nguo zao za kanisani, wamesikia filimbi na kutoka katikati ya misa. Walipokezana maji mpaka makala ya mwisho yakawa meusi, na Chalwe, aliyekuja akikimbia na kupiga makelele, hakupata hata mahali pa kupitia.

Ndiyo, barafu iliyeyuka. Samaki walioza, na harufu ikakaa juma zima. Muzungu alirudi, akawasha mashini kwa kiberiti, na mashini ikaanza kula kuni kama mashini yoyote, hata ikabidi aandike watu wawili wa zamu. Goodson, aliyefukuzwa asubuhi, akaitwa tena muchana. Sheria ya kuni ilibaki vile vile. Wanawake walirudi kwenye mustari na samaki wao wawili wanono, isipokuwa ule moto mupya haukuwa na mutu ndani.

Lakini jioni ile ya Jumapili, kabla ya hayo, majivu yakiwa yamekwisha kutupwa njia panda, mama mukubwa wa Rosaria, bibi Dorica, alipekecha vijiti mpaka mikono ikachubuka, moto safi ukatoka. Rosaria akainjika chungu. Alikaa karibu sana na jiko, kichwa kimeinama, akingoja. Kuni ziliungua tu. Kile kipande cha pembeni kilibaki pembeni mpaka akakisukuma mwenyewe kwa mukono wake.

Ndipo akapiga yowe, akaanguka juu ya mukeka, akalia kilio ambacho hakukilia kaburini.

"Mwanangu, unalia nini?" Dorica akauliza, akimushika mabega. "Si umemutoa?"

"Nimemutoa, mayo," Rosaria akasema. "Njo sababu nalia."