Pipa la Majivu la Mdogo Wangu

Niseme tangu mwanzo: nilimwonea mdogo wangu wivu. Si ule wa mzaha, wa kusema "una bahati wewe" halafu mnacheka. Huu ulikuwa wa kumtakia mtu aharibikiwe. Na aliyekuwa anasoma Ulaya ni mimi.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa udaktari wa uhandisi wa mitambo na vyuma. Kazi yangu yote ilikuwa swali moja: kwa nini chuma kigumu kikichomelewa hupasuka pembeni ya mshono, na kipozwe kwa mwendo gani ili kisipasuke. Nilikata vipande vidogo kama kucha, nikaving'arisha, nikaviinamia kwenye darubini mpaka shingo ikauma, na kila nilipompelekea profesa matokeo alisema, "Bado." Nikarudi likizo kwetu Kalemie, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, nikijipa moyo kwamba nyumbani, angalau, nitakuwa mtu.

Papa, baba yetu, ana mashua ya mota inayopeleka watu na mizigo mpaka Zongwe na Moba. Wiki niliyofika, shafti ya mashua, ule mtaimbo unaozungusha propela, ilikatika vipande viwili. Mdogo wangu ana karakana ya kuchomelea karibu na bandari, na shule aliiacha kabla ya diploma. Papa akatuita wote wawili. Abiria walikuwa wanangoja, na shafti ikikatika tena katikati ya ziwa, mawimbi yatawatupa kwenye miamba.

"Leo Dokta iko!" wavuvi walipiga kelele. "Chuma itaogopa!"

Nilicheka nao. Kisha nikasimama pembeni, maana mashine ya kuchomelea sikuwa nimeishika tangu nilipomaliza shahada ya kwanza.

Mdogo wangu alipasha ncha zote mbili kwa makaa kwanza, bila haraka. Akaziunganisha. Shafti ingali nyekundu kwenye mshono, akaizika ndani ya pipa la majivu ya moto, akayarundika juu kama kaburi. Njia hiyo alifundishwa na mzee mmoja aliyefanya kazi ya uhunzi kwenye reli.

"Inalala mule mpaka kesho asubui," alisema. "Mutu asiiamushe."

"Na kwa nini uliipasha kwanza?" nilimwuliza.

"Ukiiunganisha ya baridi, inakasirika, Yaya," alijibu. Yaya, kwetu, ni kaka mkubwa.

Inakasirika! Mimi nilikuwa nimeandika kurasa arobaini kueleza jinsi chuma kinavyokasirika. Tasnifu yangu, sura ya pili na ya tatu, ilikuwa imelala ndani ya pipa lililowahi kubeba mafuta ya mawese. Chanda chema huvikwa pete, wanasema. Changu kilikuwa safi kabisa, hakina hata alama moja ya kuungua.

Papa alimtazama mdogo wangu akinawa mikono. "Huyu mutoto hajaniangushaka hata siku moja," alisema, na sauti yake ililainika. Mimi sijawahi kusemwa kwa sauti ile. Wakati wa barua ya kukubaliwa chuoni Papa alipiga makofi, aliita majirani, alichinja mbuzi. Lakini sauti ile hakuitoa. Niliitaka. Nilitaka mara moja tu anitazame vile kwa habari ya chuma.

Mdogo wangu alikwenda mazoezi ya kwaya, akaniachia karakana. Papa naye akaenda kutuliza abiria wake. Nikabaki na pipa.

Nilijiambia nafanya utafiti. Kupasha peke yake kunatosha, nikasema moyoni, majivu ni mazoea ya wazee tu. Nikilithibitisha hilo, Papa hatangoja mpaka kesho, na atajua aliyemwokolea siku nzima. Haikupita hata nusu saa, nikashika koleo, nikaichomoa shafti, nikailaza mlangoni ambapo upepo wa ziwa ulikuwa unaingia kwa nguvu. Niliketi nikiitazama ikipoteza rangi. Hesabu za daftari langu mwenyewe zilikuwa zinanikatalia, nami nilizijua kwa kichwa. Wivu hausomi daftari. Ilipopoa, ujasiri wa kumwita Papa ukaniishia. Nikairudisha majivuni, nikayasawazisha vizuri kwa kiganja, nikaenda zangu nyumbani kula samaki.

Asubuhi tulikuwa watatu. Mdogo wangu aliyatazama majivu yaliyolala tambarare, kisha akaitoa shafti, akaining'iniza kwa kamba, akaigonga kwa nyundo ndogo. Shafti nzima huimba, sauti yake huenda mbali. Hii ilitoa mlio mfupi, kama chungu chenye ufa. Akapaka petroli kwenye mshono, akaifuta, akanyunyiza unga wa chaki. Mstari mwembamba kama unywele, ufa ulionywa petroli, ukajitokeza pembeni ya mshono, palepale ambapo mimi huutafuta kwa darubini.

Mdogo wangu akaligeukia pipa; majivu aliyarundika kama kaburi, na aliyakuta tambarare. Kisha akanitazama mimi, kidogo tu. Nilijua amejua.

"Njo mimi, Papa," alisema akijionyesha kwa kidole. "Niliitoa mbio. Nilikosea."

Nilitaka kumpiga. Kweli kabisa: alikuwa ananisitiri, nami nilitaka kumpiga, kwa sababu hata wema ulimtoka bila shida. Nikafungua mdomo.

"Hapana, Papa. Ni mimi niliitoa jana. Yeye hayumo."

Papa alinitazama, halafu akacheka taratibu. "We Dokta, usimufunike mudogo yako. Wewe chuma unaisomaka tu, hauigusake."

"Papa, nakuambia ukweli."

"Najua, najua. Uko kaka mwema." Akaweka mkono begani kwa mdogo wangu, na ile sauti laini ikarudi. "Fundi mwenye hakoseake, hakuna. Anza tena. Watu watangoja."

Mdogo wangu aliinama, akaanza kuchochea makaa. Katika karakana ile nilikuwa nimefanya kazi moja tu kwa mikono yangu, nayo ilikuwa kosa. Hata hilo Papa alimpa yeye.